Roadster linakula mafuta: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Injini ya lita 1.6, uzito usiofika tani moja, viti viwili, tenki la lita 45. Gari la namna hii halina sababu ya kummaliza mtu sheli. Mazda walilijenga wakihesabu kila kilo, na gari jepesi halihitaji petroli nyingi kusogea. Kwa hiyo mtu akiniambia Roadster lake linampa kilomita 7 kwa lita, simwambii kwamba magari ya michezo ndivyo yalivyo. Namwambia gari lake linaumwa. Na inaniuma sana kuona watu wakiyauza haya magari kwa bei ya kutupa wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa kifaa kidogo, au kifaa ambacho fundi alikitoa asikirudishe.

Nazungumzia gari lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1989 kwa jina la Eunos Roadster, Uingereza wakaliita MX-5 na Marekani Miata. Wenyewe hutaja vizazi vyake kwa herufi: NA hadi 1997, kisha NB, NC kuanzia 2005, na ND kuanzia 2015. Usukani wa Japani uko kulia kama wetu, ndiyo maana yametufikia. Hapa nitakaa zaidi kwenye NA na NB, ambazo nimezishika kwa mikono yangu. ND ina mambo yake mawili, nitayaweka mwisho.

Kabla ya kufungua boneti

Mshale wa mafuta si kipimo. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, tembea kama kawaida mpaka upite nusu ya tenki, kisha rudi sheli ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, ujaze tena mpaka ijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo mara tatu mfululizo. Mara moja haitoshi, kwa sababu pampu moja hujikata mapema na nyingine huchelewa, na kwenye tenki la lita 45 kosa la lita mbili ni kubwa.

Halafu angalia dashibodi imeandikwa nini. Gari lililotoka Uingereza linahesabu maili. Mtu anatembea maili 250 kwa lita 36, anagawanya, anapata 7 na anashika kichwa. Maili 250 ni kilomita 402. Gari lake linampa kilomita 11 kwa lita na ni zima kabisa.

Mtego mwingine ni takwimu za mtandaoni. Galoni ya Waingereza ni lita 4.546, ya Wamarekani ni lita 3.785. Maili 30 kwa galoni ya Uingereza ni kilomita 10.6 kwa lita, lakini maili 30 hizo hizo kwa galoni ya Marekani ni kilomita 12.8. Ukisoma sifa za gari bila kujua mwandishi yuko nchi gani, unaweza kulitafutia gari lako ugonjwa lisilo nao.

Kama matairi yamebadilishwa ukubwa, hesabu nayo inapinda. NA ilitoka kiwandani na 185/60R14. Ukivaa 195/50R15 kipenyo kinabaki karibu kile kile, hakuna tatizo. Ukivaa 205/45R16 tairi linakuwa kubwa kwa asilimia 2 na kitu, gari linatembea zaidi ya linavyoandika, na rimu nzito zinaongeza kazi kila unapoondoka kwenye taa.

Nini basi ni kawaida? Kwa uzoefu wangu, NA ya 1.6 iliyo nzima hutoa kilomita 9 hadi 11 kwa lita ndani ya mji wenye foleni, na 12 hadi 14 barabara kuu kwa mwendo wa ustaarabu. Chini ya 8, endelea kusoma. Pesa yenyewe si ya kudharau: ukitembea kilomita 10,000 kwa mwaka, tofauti ya kilomita 11 na kilomita 8 kwa lita ni lita 341. Tuseme lita ni shilingi 3,000 ili kurahisisha hesabu, hiyo ni zaidi ya milioni moja kila mwaka. Kwa Tanzania kuna sababu nyingine ya kujali: tangu 2017 ada ya mwaka ya gari iliondolewa na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo lita inayopotea inapotea pamoja na kodi yake.

Mshale wa joto unashuka ukiwa barabara kuu

Ningeambiwa nichague dalili moja tu ya kufundisha watu wa pwani, ningechagua hii.

Miaka michache iliyopita nilipeleka langu gereji moja kwa sababu lilikuwa likichemsha kwenye foleni. Likarudi halichemshi tena, nikashukuru. Mwezi ule ule kilomita zikaanguka kutoka 11 hadi chini ya 8 kwa lita. Nikabadili plagi. Nikabadili filta ya hewa. Nikasafishisha nozeli. Pesa ilikwenda na kilomita hazikurudi. Mpaka siku nilipofungua mwenyewe nyumba ya thamostati pale mbele ya injini, boliti mbili tu, nikakuta ndani hamna kitu. Ilikuwa imetolewa na kutupwa, na hakuna aliyeniambia.

Kutoa thamostati ni tiba iliyozoeleka sana kwenye nchi za joto, na kila anayeifanya anaamini anamsaidia mwenye gari. Lakini angalia kinachotokea. Thamostati hukaa imefungwa mpaka maji ya injini yafike nyuzi 88 hivi, ndipo inafunguka na kuruhusu rejeta ifanye kazi. Isipokuwepo, maji yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Kwenye foleni hutagundua, maana hakuna upepo na joto linapanda lenyewe. Ukitoka mjini, upepo unaipiga rejeta na maji yanapoa kuliko inavyotakiwa. Kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, inasoma sensa ya joto, inaona maji ni ya baridi, inaamini ndiyo kwanza umeliwasha gari asubuhi, na inaongeza petroli kama inavyofanya kila asubuhi. Tofauti ni kwamba asubuhi hiyo haiishi. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka ndani ya sampu. Kwa hiyo unalipia sheli leo, na injini unailipia baadaye.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Washa gari likiwa limelala usiku kucha na ushike mpira wa juu unaotoka injini kwenda rejeta, ukijihadhari na feni na mikanda. Mpira unatakiwa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha upate moto ghafla. Ukianza kupata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, thamostati imekwama wazi au haipo. Usiutegemee sana mshale wa NB, umetengenezwa kukaa katikati hata joto likibadilika kiasi. Wa NA za mwanzo unasema ukweli zaidi.

Ukirudisha thamostati, itakubidi ukabiliane na kilichosababisha itolewe. Kofia za plastiki za rejeta ya NA na NB zilitoka kiwandani zikiwa nyeusi. Zikigeuka kahawia, plastiki imechoka na siku yoyote itapasuka, badilisha kabla haijakuacha njiani. Simamisha gari na injini ikiunguruma uone kama feni inawaka yenyewe. Na lala chini utazame kama ile plastiki pana ya chini ya pua bado ipo. Watu wanaidhani ni pambo au ni ya kuzuia matope. Kazi yake ni kuilazimisha hewa ipite kwenye rejeta badala ya kukimbilia chini ya gari. Matuta yetu huing'oa, fundi anaitupa kwa sababu inapiga kelele, na kuanzia siku hiyo gari linachemsha. Halafu thamostati inatolewa. Halafu petroli inaliwa. Nimeona mlolongo huu mzima kwenye gari moja, na mwanzo wake ulikuwa tuta lisilopakwa rangi.

Gari zito, ukiachia mafuta linasimama haraka

Roadster lililo zima kwenye sakafu tambarare, gia ikiwa huru, unalisukuma kwa mkono mmoja. Kama unahitaji kuegemeza bega, breki zinashika.

Mshukiwa wa kwanza ni kalipa za nyuma. Kwenye NA na NB handbreki inafanya kazi ndani ya kalipa hizo hizo, kupitia mkono mdogo wenye springi, na mkono huo ukishikwa na kutu haurudi. Unaachia handbreki, taa inazima, lakini pedi bado zimeibana diski. Magari yanayokaa Tanga, Mombasa au Unguja hupata hili mapema kwa sababu ya chumvi, na yale yanayoegeshwa wiki nzima handbreki ikiwa juu hupata mapema zaidi. Tembea kilomita kumi bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ile inayotoa joto kuliko wenzake ndiyo yenye kesi.

Wakati mwingine si kutu bali ni marekebisho mabaya. Nyuma ya kalipa kuna boliti ya spana 14. Ukiitoa, ndani yake unakuta sehemu ya kurekebisha inayochukua ufunguo wa alen wa milimita 4. Gari likiwa limepandishwa na kuwekwa kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake, kaza mpaka tairi ligome kuzunguka, kisha rudisha theluthi ya mzunguko. Mafundi wengi hawaijui sehemu hii. Handbreki ikilegea wanavuta waya, na waya uliovutwa sana ndio unaoacha pedi zikiwa zimebana muda wote. Kwa gari linalolala siku nyingi, liache kwenye gia na weka jiwe chini ya tairi. Handbreki ipumzike.

Hapo hapo pima upepo, asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Kiwanda kinataka psi 26 kwenye NA, mbele na nyuma. Ni kidogo kuliko gari nyingi, na mjaza upepo atakubishia, atataka kuweka 35. Mkatalie kwa upole. Gari jepesi lenye upepo wa 35 linaruka kwenye mashimo, linakula tairi katikati, na kwenye mvua halishiki barabara. Lakini likishuka hadi 18 au 20, petroli inaongezeka na hutaona kwa macho, kwa sababu ubavu wa matairi haya ni mfupi na hauonekani kubonyea.

Inamisi ikipanda kilima

Kwenye tambarare gari linakwenda vizuri. Ukilikanyaga kwenye kilima, ukiwa gia ya nne, linajikwaa kama mtu aliyekosa ngazi. Kwenye NA na NB anza na waya za plagi. Hizi huchoka kabla ya karibu kila kitu kingine kwenye mfumo wa moto. Subiri usiku, pasipo na taa, washa injini na ufungue boneti. Waya zilizopasuka huonyesha cheche ndogo za buluu zikiruka kwenda kwenye chuma. Usiziguse.

Watu hushangaa kwa nini kumisi kunakula mafuta wakati silinda moja haifanyi kazi. Petroli isiyoungua inatoka kwenye eksozi pamoja na hewa yake yote. Sensa ya oksijeni inaiona ile hewa, inadhani mchanganyiko umekosa petroli, na kontrolboksi inaongeza petroli kwenye silinda zote nne. Ndiyo maana waya moja mbovu inaweza kuharibu matumizi ya gari zima, na baadaye kuziba katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi, ambayo bei yake hutaki kuijua.

Plagi za kawaida za NA ni NGK BKR5E-11, na ile 11 ya mwisho ina maana nafasi ya milimita 1.1. Ukivuta waya ukakuta shimo la plagi lina oili, gaskiti ya kava la juu la injini imechoka na oili hiyo inaivimbisha mipira ya waya. Badilisha gaskiti kwanza, waya baadaye, vinginevyo utanunua waya kila mwaka. Koili iko nyuma ya injini na hulisha silinda kwa jozi, 1 na 4, 2 na 3. Kwa hiyo zikifa silinda mbili za jozi moja kwa pamoja, usilaumu plagi.

Moshi mweusi, masizi, harufu ya petroli

Hapa ndipo watu wanapoanzia, na ndipo ninapotaka ufike ukiwa umeshapita kote nilikotaja juu.

Sensa ya oksijeni iliyozeeka haizimi ghafla. Inakuwa nzito kujibu, na kontrolboksi inaegemea upande wa kuongeza petroli. Gari la miaka thelathini lenye sensa ya kiwandani linastahili mpya. Sensa ya joto la maji inayodanganya huleta dalili zile zile za thamostati iliyotolewa, ila mpira wa rejeta unapata moto sawasawa; ndiyo tofauti ya kuzitenganisha. Regyuleta ya presha ya petroli ina mpira mwembamba wa hewa unaokwenda kwenye manifoldi. Injini ikiwa imezimwa, chomoa mpira huo. Ukikuta petroli ndani, utando wa regyuleta umepasuka na injini inanyonya petroli moja kwa moja. Hiyo usiendeshe nayo hata kesho, ni hatari ya moto.

Kipima hewa kinatofautiana kwa injini. Kwenye 1.6 ya NA ni kile chenye mlango mdogo wenye springi. Kina kifuniko cheusi juu, na chini yake kuna gurudumu la meno ambalo fundi mdadisi hulizungusha "kuongeza nguvu". Likishaguswa bila vifaa vya kupimia, mchanganyiko hauwi sawa tena. Ukiona gundi ya kifuniko imekatwa, uliza maswali. Kwenye 1.8 ni waya wa moto, na adui yake ni vumbi na zile filta za kupaka mafuta. Safisha kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, usiguse kwa kitambaa wala mswaki. Kwa wanaoishi penye vumbi, Dodoma kwa mfano, filta ya karatasi ya kawaida inayobadilishwa mara kwa mara ni bora kuliko ya michezo ya bei ghali.

NA za Japani na Uingereza hazina soketi ya OBD2, ile ya mashine ya kusoma makosa. Ukiona fundi anatafuta mahali pa kuchomeka mashine yake chini ya usukani, msaidie: ndani ya boneti kuna kiboksi kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ukiunganisha matundu ya TEN na GND unapata namba za makosa kwa mimweko ya taa. Uunganisho huo huo ndio unaotumika kupima taiming, yaani wakati wa plagi kupiga moto, ambayo kwa NA ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Taiming iliyowekwa kwa kusikiliza sikio, bila taa ya taiming, nimeikuta kwenye magari mengi, na karibu zote zilikuwa zimechelewa. Moto ukichelewa, petroli inaungulia kwenye eksozi badala ya kusukuma pistoni.

Kuna harufu moja inayowahusu wenye magari ya kufunguka juu peke yao. Paa likiwa chini, upepo unaopita juu ya kioo hugeuka na kurudi mbele kupitia katikati ya viti. Unaleta kila kilichoko nyuma, na tenki liko nyuma ya viti. Ukisikia petroli baada tu ya kujaza, kagua raba ya kifuniko na mpira wa shingo ya tenki. Ukisikia moshi, kagua maungio ya eksozi. Moshi wa eksozi unaua, usiuzoee.

Limeanza kula mara baada ya kubadilisha belti ya taiming

Hili ni la NA za mwanzo, 1989 hadi mapema 1991. Krenkshafti zake zina pua fupi, na funguo inayoshika puli ya belti ni dhaifu. Boliti ya mbele isipokazwa kwa kipimo sahihi, puli inaanza kucheza, inakula mfereji wa funguo, na taiming inateleza nyuzi chache chache. Gari linakuwa zito, linakula, na hakuna sensa yoyote itakayokuambia. Tazama puli ya mbele: yenye mikato minne ni ya pua fupi, yenye minane ni ya pua ndefu. Kama ni ya minne na injini ikiunguruma unaona puli inayumba, zima na usiiwashe tena mpaka ifunguliwe. Kama ni ya minne na haiyumbi, mwambie fundi atumie boliti mpya na spana ya kupimia nguvu kila atakapoigusa, na usimame pale pale umwone.

Mjini liko sawa, safari ndefu ndiyo inakula

Hapa mara nyingi gari halina kosa. Gia ya tano ya NA ni fupi. Kilomita 100 kwa saa injini inazunguka karibu mara 3,200 kwa dakika. Watu hutafuta gia ya sita ambayo haipo, wakidhani gia boksi imeharibika. Ndivyo ilivyo.

Upepo ndio unaokula. Nguvu ya hewa inayolizuia gari inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ukitoka 80 kwenda 110 inakaribia kuwa mara mbili. Paa likiwa wazi inaongezeka tena, maana hewa inaanguka ndani ya gari badala ya kuteleza juu yake. Chini ya 60 hutaona tofauti yoyote, fungua na ufurahie, ndilo gari lenyewe. Ukienda Bagamoyo jioni, funguka. Ukienda Morogoro mchana na unataka kuokoa, funga turubai. Vioo vya pembeni vikiwa juu vinasaidia kidogo hata paa likiwa chini. Kuwasha A/C paa likiwa wazi ni kuipa injini ya 1.6 mzigo usio na faida.

Mizunguko ikipanda ghafla ukiwa gia ya juu na spidi isipande, hiyo ni klachi inateleza. Badilisha tu.

Pesa inayotoka bila kupitia sheli

Matairi yanaisha upande wa ndani huku nje yakiwa mapya. Gari hili linarekebishwa kona zote nne, mbele na nyuma. Alaimenti ya mbele peke yake, ambayo ndiyo unayouziwa mahali pengi, ni nusu ya kazi. Uliza kabla ya kupandisha gari kwenye mashine. Boliti za marekebisho hushikwa na kutu ndani ya bushi, na fundi asipoweza kuzizungusha atakuambia "iko sawa". Paka grisi mapema.

Betri ya NA na NB iko kwenye buti, na ya asili ni ya aina iliyofungwa, yenye mirija ya kutolea hewa nje. Ukiweka betri ya kawaida ya maji bila mirija, mvuke wa tindikali unakula bati la buti kimya kimya. Nimeona matobo yaliyopita mpaka chini. Bei ya betri sahihi ni kubwa, bati ni kubwa zaidi.

Mkeka wa nyuma ya viti ukiwa na maji baada ya mvua, usikimbilie kununua turubai jipya. Nyuma ya kila mkanda wa kiti kuna njia ya maji ya paa inayoshuka hadi chini ya gari, na majani na vumbi huiziba. Zibua kwa waya laini wenye ncha butu. Likiachwa, maji yanajaa kwenye kizingiti cha mlango na kukila kutokea ndani, na hapo hata fundi wa bati mzuri atakuombea dua. Dirisha la plastiki la NA lina zipu: lifungue kabla ya kushusha paa. Jua letu linalikausha, na likikunjwa linapasuka kama karatasi.

Oili ikidondoka katikati, kati ya injini na gia boksi, utaambiwa sili ya nyuma ya krenkshafti, gia boksi ishuke. Subiri. Kwenye NA, nyuma ya kichwa cha injini kuna sensa ya pembe ya kemushafti yenye pete ndogo ya raba. Pete hiyo ikikauka, oili inateremka nyuma ya injini na kutokea pale pale ambapo ya sili ingetokea. Ingiza mkono na kitambaa cheupe juu nyuma. Kikitoka na oili, umepona kazi kubwa kwa raba ya bei ya soda. Na zile kelele za tiki-tiki asubuhi kwenye NA ni tapeti za oili. Oili safi ya unene sahihi huzinyamazisha mara nyingi. Usikubali injini ifunguliwe kwa ajili yake.

Kwa wenye ND

Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo yanayoingia sasa ni ND. Marekani, ND ya 2016 ya lita 2.0 yenye gia za mkono ilipimwa maili 27 kwa galoni mjini na 34 barabara kuu, yaani kilomita 11.5 na 14.5 kwa lita. Ya Japani ya lita 1.5 haipaswi kuwa mbaya kuliko hapo. Ikiwa mbaya, fungua kifuniko cha tenki usome kibandiko. Japani inataka petroli ya oktani ya juu, wao huiita haioku, na gari lenyewe halitakukataza kuweka ya kawaida. Injini ina mgandamizo mkubwa. Ikipewa oktani ndogo inaanza kugonga, sensa inasikia, kontrolboksi inachelewesha moto, na unapoteza nguvu na kilomita bila taa yoyote kuwaka. Jaza tenki tatu mfululizo za oktani ya juu, ukipima kwa njia niliyoeleza mwanzo, kisha tatu za kawaida. Linganisha gharama kwa kilomita, si bei ya lita.

La pili ni kwamba petroli ya ND inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa kuziosha. Masizi hujijenga pale polepole. Gari likianza kutetemeka likiwa limesimama na plagi ni mpya, omba valvu zikaguliwe kwa kamera kabla ya kununua koili. Dawa za kumwaga kwenye tenki hazifiki huko.